Usijaze wababe watupu

Ukianza Final Fantasy, ile ya 1987, unachagua wahusika 4 kati ya aina 6. Chunga hapo, maana ukishachagua hubadilishi. Mimi, nikiwa kwenye jam ya daraja la Nyali, simu mkononi, nilijaza Fighter wote 4. Tulitamba weee, hadi pango la kinamasi. Sumu ikatula kila hatua, dawa zikaisha, wote chali. Ikabidi nianze upya.

Sasa Fighter namweka mbele, kwani wa kwanza ndiye hupigwa zaidi. White Mage, yaani mganga, akae nyuma. Black Mage achome makundi. Wa nne nampa Thief. Mwanzoni ni mzigo tu, lakini mvumilie: baadaye hugeuka ninja.