Bendi Kubwa Kuliko Zote, kwa Hesabu Gani? Tabora na Biashara ya Muziki wa Dansi

Mjadala kuhusu bendi ipi ya roki, au ya metali, yaani lile tawi la roki linalojengwa juu ya magitaa yanayokwaruza na ngoma nzito, inastahili kuitwa kubwa kuliko zote, huendeshwa Marekani na Ulaya kwa jazba ileile ya mashabiki wa Simba na Yanga, ila nyuma ya jazba hiyo kuna daftari. Chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani, RIAA, hutoa cheti cha dhahabu tangu mwaka 1958 na cha platinamu tangu 1976, na kwa viwango vya sasa albamu huhitaji nakala 500,000 kupata cha kwanza na nakala milioni 1 kupata cha pili. Mtetezi wa Eagles anaweza kutaja kwamba mkusanyiko wa nyimbo zao uliotolewa mwaka 1976 ulihesabiwa platinamu 38 mwaka 2018, naye wa Metallica akajibu kwa albamu yao ya 1991, huku wa Black Sabbath, asiye na tarakimu za kiasi hicho, akilazimika kuhamia hoja ya nani alianza. Mabishano hayaishi, lakini kila upande unajua mahali pa kutafuta ushahidi, na ushahidi huo ndio baadaye huwa msingi wa kupanga bei ya haki za nyimbo.

Tabora una mjadala wa namna hiyo, wenye majina matatu na usio na daftari. Kiko Kids ya Salim Zahoro, aliyesifika kwa mandolini yake, ilivuma tangu miaka ya 1950. Tabora Jazz, iliyokuja kuwa na mtunzi na mwimbaji Shem Ibrahim Karenga, ilicheza mtindo iliouita Segere Matata, na neno mtindo katika biashara hii lina maana ya jina la mdundo na uchezaji ambalo bendi hujitangazia kama alama yake ya biashara. Na Nyanyembe Jazz ilichukua jina la utemi wa Unyanyembe, ambao makao yake yalikuwa kando ya mji. Kutoka Kitete, kata yenye hospitali ya rufaa ya mkoa, hadi stesheni ya reli, mzee mpenzi wa dansi huwa na chaguo lake kati ya hizo tatu, na hakuna anayeweza kumwonyesha hesabu ya kumkanusha.

Kwamba mji mmoja wa bara ulibeba bendi tatu za kiwango cha taifa si jambo la bahati. Tabora ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na reli ya kati ilipoufikia mwaka 1912, kisha ikafika Kigoma mwaka 1914 na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, mji ukawa njiapanda ya wafanyakazi wa reli, makarani, walimu na wafanyabiashara, watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na usiku wa Jumamosi wa kuutumia. Tumbaku ya Urambo iliongeza fedha za msimu. Reli hiyohiyo ilisafirisha bendi: kundi lililopakia vyombo Tabora liliweza kupiga miji ya njiani kuelekea ziwa Tanganyika, ziwa Viktoria au pwani, na ziara za aina hiyo zilileta mapato ambayo ukumbi mmoja wa nyumbani usingeweza kuyatoa kila wiki.

Mapato hayo yalikuwa ya kiingilio, fedha iliyokusanywa mlangoni usiku wa dansi, na mgawanyo wake ulitegemea nani mwenye vyombo. Vyombo, kwa lugha ya biashara hii, ni magitaa, vikuza sauti, ngoma, tumba na mabomba ya kupuliza kwa pamoja. Mwenye kuvimiliki ndiye mwenye bendi, hata kama hajui kushika gitaa, na mpigaji asiye na chombo chake alikuwa kibarua wa mshahara au wa fungu. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na vikuza sauti pamoja na nyuzi za gitaa vikategemea vibali vya kuagiza kutoka nje, umiliki wa vyombo ulizidi kuwa na nguvu kuliko kipaji. Hapo ndipo mashirika ya umma yalipozishinda bendi za miji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Na Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ililelewa kwanza na shirika la usafiri na teksi kabla ya kuhamia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bendi za Tabora hazikuwa na mlezi wa namna hiyo, na jiji liliwavuta watu wa magharibi mapema: Western Jazz, yenye mtindo wa Saboso na gitaa la Rashid Hanzuruni, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, ikiwa na jina la jimbo walikotoka waasisi wake.

Kuhusu santuri, hali ilikuwa mbaya zaidi kwa mtunza hesabu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo rekodi za biashara zilichapwa Nairobi na kuuzwa na makampuni ya huko, huku Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikirekodi bendi kwenye mikanda ya sauti kwa ajili ya matangazo. Redio ilikuwa bodi ya matangazo ya bure iliyojaza kumbi, jambo ambalo wamiliki walilithamini, lakini haikuleta mirabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwepo, ila hapakuwa na chombo cha kukusanya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na njia halali ya kwenda Nairobi ikazibwa. Kwa sababu hiyo, umaarufu wa bendi za Tanzania wa miaka hiyo ulipimwa kwa mara ngapi wimbo ulipigwa redioni, kipimo kilichotegemea uchaguzi wa mtangazaji, na mfuko wa mnunuzi haukuwa na kura.

Roki yenyewe haikukosekana nchini, ingawa soko lake lilibanwa. Mwaka 1969 mamlaka za mkoa wa Pwani zilipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Sunburst, bendi ya jijini humo iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, ilihamia Zambia, ambako bendi za roki zilikuwa na wanunuzi katika miji ya migodi ya shaba, na mwaka 1976 ikatoa albamu ya Ave Africa. Kampuni ya Strut ya Uingereza iliitoa upya mwaka 2016, na wasikilizaji wengi wa leo wameifahamu kupitia toleo hilo. Kwa upande wa metali, kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni ndogo inayouza zaidi kwa wasikilizaji wa ng'ambo. Kisha kuna Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara: bendi yake, Queen, haikupiga hata noti moja kwa ajili ya soko la Zanzibar, lakini tangu mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake hutoza watalii kiingilio huko, wakati Tabora, ambao bendi zake zililihudumia soko la nyumbani kwa miongo, hauna chumba cha aina hiyo.

Panapokosekana hesabu ya mauzo, kipimo kinachobaki chenye thamani ya kiuchumi ni uimara wa wimbo mikononi mwa wengine. Kwa kipimo hicho nyimbo mbili, Dada Asha ya Tabora Jazz na Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz, zinaitangulia kazi ya Kiko Kids, kwa kuwa ndizo zinazoendelea kupigwa kumbini na bendi nyingine, na kati ya hizo mbili Rangi ya Chungwa inaelekea kuwa mbele. Mashabiki wa Zahoro watasema, na si bila haki, kwamba aliyefungua njia hapimwi kwa mizani ya waliopita juu yake.

Mjadala huu una bei, kwa kuwa wimbo unaoendelea kupigwa unadaiwa mirabaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoiweka COSOTA, chama cha hakimiliki cha Tanzania, kuwa msimamizi, hulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Karenga alifariki mwaka 2014, hivyo warithi wake wana madai juu ya tungo zake hadi 2064. Hakishiriki, yaani haki ya wapigaji na ya mwenye rekodi, huhesabiwa tofauti, kuanzia rekodi yenyewe, na kwa bendi zilizorekodi katika miaka ya 1960 na 1970 muda huo unaisha au umekwisha, wakati mikanda ya RTD, ambayo sasa ni mali ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ndiyo chanzo kikuu cha sauti zao. Mpiga tumba au gitaa la besi wa Segere Matata aliyeshiriki kuufanya wimbo uvume hana fungu katika utunzi, na mtunzi mwenyewe hulipwa iwapo tu kazi imesajiliwa kwa jina lake na wenye kumbi, redio na mabasi wametoa ada.