Vifaranga wa Kuanzia: Wanunuliwe kwa Jirani au Kituo cha Kutotolea?

Vyama kadhaa vya msingi vimeanzisha miradi ya kuku kwa fedha za hisa na mikopo ya wanachama, na swali niulizwalo mara nyingi nifikapo kukagua vitabu ni hili: vifaranga wa kwanza wanunuliwe wapi? Aghalabu Makatibu hulileta kama swali la bei. Kifaranga wa jirani ni rahisi, wa kituo cha kutotolea kwa mashine ni ghali. Basi Bodi huamua upesi, na muhtasari huandikwa mistari miwili. Mimi si bwana mifugo. Lakini vitabu vimenionyesha kwamba bei ipasayo kuhesabiwa si ya kifaranga, bali ya mtetea aliyefika siku ya kutaga yai lake la kwanza.

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kubuni tu. Chama kinataka mitetea 100. Kwa jirani, vifaranga huuzwa bila kutenganishwa, na takriban nusu yao ni majogoo. Tukikadiria kwamba katika kila sita atakufa mmoja, hapana budi wanunuliwe 240. Kwa shilingi 1,000 kila mmoja, hiyo ni shilingi 240,000. Kituo kiuzacho kuku wa mayai huwatenga mitetea tangu siku ya kwanza. Kwa kiasi kile kile cha vifo watanunuliwa 120, na kwa shilingi 2,500 kila mmoja ni shilingi 300,000. Tofauti ni shilingi 60,000, na upande wa jirani kuna majogoo 100 wa kulishwa. Hata hivyo nisiwapunje wafugaji jirani: jogoo wa kienyeji ana soko, hasa siku za sikukuu, na chama chenye eneo la kuwaacha wajitafutie huweza kurudisha gharama hiyo na zaidi.

Kuku wa kienyeji ajitafutiaye chakula hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa kuwa baada ya kila mtago huatamia na kulea. Kuku wa mayai wa kituoni huweza kupita 250, lakini kwa chakula kamili cha kila siku, ambacho ataanza kukilipia mnamo wiki ya 18 hadi ya 20. Chama kisicho na fedha ya kuwalisha hadi hapo kisimnunue kabisa. Tena haatamii, na hata akipandwa na jogoo, watoto wake hawarithi utagaji wake kwa ukamilifu. Akichakaa, chama hurudi kituoni na fedha mkononi. Kuku chotara, kama Kuroiler wa kutoka India au Sasso wa Ufaransa, wako katikati: hukua upesi na hustahimili kujitafutia, ila nao uzao wao haufanani na wao.

Sasa tufike kwenye jambo liletalo hasara kubwa kuliko yote, yaani maradhi. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja kilichonunua vifaranga 200 kituoni. Siku ya kumi mjumbe mmoja akaongeza 60 kutoka mnadani, kwa sababu bandani palikuwa na nafasi. Walionekana wazima. Wale 200 walikuwa bado hawajapewa chanjo ya mdondo, maana kila mtu alidhani mwenzake ameileta. Kabla ya mwezi kwisha shingo zilianza kupinda na kinyesi kikawa cha kijani. Mwishoni walibaki 31. Stoo nilikuta magunia ya chakula yaliyonunuliwa kwa mkopo, na stakabadhi ya wale 60 haikuwapo. Deni lilikatwa katika malipo ya mazao ya wanachama, wakiwamo ambao hawakuwahi kuliona banda lile.

Kwa hiyo kundi la kwanza litoke mahali pamoja na liwe la umri mmoja. Kituo kizuri huwachanja vifaranga siku ya kwanza dhidi ya Mareki, ugonjwa wa kupooza miguu, na chanjo hiyo haifai kungojewa hadi wafike kijijini. Kiombwe kieleze kwa maandishi. Vilevile kiulizwe kama kuku wazazi hupimwa homa ya matumbo, kwani ugonjwa huo hupita ndani ya yai. Mfugaji jirani hana karatasi, lakini ana kitu ambacho kituo cha mbali hakina: banda lake laweza kutembelewa. Watazameni kuku wazazi. Ulizeni jogoo alitoka wapi, maana jogoo mmoja akikaa miaka na binti zake uzao hudhoofika. Ulizeni pia chanjo ya mdondo ya mwisho ilitolewa lini. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi 3.

Lipo suala la joto, ambalo wengi hulipuuza. Kifaranga wa siku moja asiye na mama huhitaji nyuzijoto 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, zikipunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Wakirundikana wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi. Mtu wa kuamka usiku kutazama mkaa asipopatikana, na ajulikane kwa jina kabla ya fedha kutoka, basi naona afadhali chama kinunue kwa jirani mwaminifu mitetea wa miezi miwili waliokwisha kuchanjwa. Bei yao ni kubwa, lakini wamekwisha kupita wakati wa vifo vingi na jogoo hutambulika kwa macho. Kwa chama kigeni katika ufugaji, mimi ningeanza na hao, 50 tu, na kituo kikangoja kundi la pili.

Popote mtakaponunua, Katibu aandike katika daftari idadi, umri, jina la muuzaji na chanjo zilizokwisha kutolewa, muuzaji atie sahihi, na stakabadhi ibandikwe kwenye hati ya malipo siku hiyo hiyo. Vifaranga wa kituoni wahesabiwe mbele ya mjumbe wa Bodi boksi linapofunguliwa, na waliokufa njiani waandikwe kabla dereva hajaondoka.