Je, Wajua? Pampu ya Oili Hupimwa kwa Unene wa Unywele

Je, wajua kwamba injini iliyofunguliwa yote, ikachongwa krenki na kuvishwa beringi mpya, inaweza kunoki siku ileile kwa sababu ya pampu kavu ya oili?

Kwenye gereji za jua kali za Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, fundi makini haridhiki kuiosha pampu kwa petroli na kuirudisha. Katika injini nyingi za Toyota, pampu hiyo ina rota mbili, moja ikizunguka ndani ya nyingine. Fundi hulaza rula ya chuma juu yake, kisha huchomeka fila geji, kipimo chembamba cha mwanya, kati ya rula na rota. Mwanya ukizidi takriban milimita 0.1, unene wa unywele tu, oili huvuja ndani kwa ndani na presha hushuka, hasa injini ikiwa moto.

Vali ya presha nayo hupakwa oili na kuachwa iteleze kwa uzito wake. Ikikwama, kuna uchafu au mkwaruzo.

Na Vaseline? Ndiyo, ileile ya kupaka mwilini! Hujazwa kati ya rota ili pampu ianze kuvuta oili mara tu injini inapozungushwa.