Milimita Ambazo Nyuki Hawasamehe

Mzinga wa nyuki ni miongoni mwa vitu rahisi kutengeneza nyumbani. Ni sanduku la mbao lenye paa, tundu la kuingilia na mahali pa kuning'iniza masega, basi. Ndiyo maana wengi wanaofuga nyuki kwa kupenda tu, baada ya kazi za mchana, huishia kununua msumeno na randa, kisha jioni zao zikahamia kwenye benchi la useremala. Raha hiyo ni ya haki, tena ina faida. Tatizo ni kwamba bidii nyingi huelekezwa mahali ambapo nyuki hawajali: kona zilizoungwa kwa ustadi, paa lenye nakshi, rangi inayong'aa. Hoja ya makala haya ni kwamba vipimo ambavyo nyuki hawavisamehe ni vichache mno. Fundi wa nyumbani akivitendea haki hivyo, mengine yote ni uwanja wake wa kubuni; akivikosa, uzuri wa kazi yake hautamsaidia siku ya kufungua mzinga.

Kipimo cha kwanza ni njia ya kupita nyuki. Mwaka 1851, huko Philadelphia nchini Marekani, mchungaji Lorenzo Langstroth alitambua namna ya kuigeuza tabia ya nyuki kuwa kanuni ya useremala. Uwazi wa takriban milimita 6 hadi 9 nyuki huuacha wazi wapite. Ukiwa mwembamba zaidi, huuziba kwa gundi yao wanayoikusanya kutoka utomvu wa miti. Ukiwa mpana zaidi, hujenga sega ndani yake. Langstroth aliacha uwazi huo kuzunguka kila fremu, yaani kiunzi cha mbao kinachoshika sega, juu na pembeni, na fremu zikaweza kuinuliwa bila kukata chochote. Mwaka uliofuata alipewa hataza, na mizinga ya fremu inayotumika leo duniani kote bado inasimama juu ya kanuni hiyo.

Kipimo cha pili kinamhusu zaidi mfugaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu mzinga unaomfaa fundi wa nyumbani ni ule usio na fremu kamili. Juu yake hupangwa papi, yaani vipande bapa vya mbao vinavyogusana na kuwa dari, na kila papi hubeba sega moja. Nyuki wetu wanaouma ni wadogo kuliko wa Ulaya, na hujenga masega yao yakiwa karibu zaidi: kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jirani yake ni kama milimita 32, wakati nyuki wa Ulaya huacha 35. Kwa hiyo papi inapaswa kuwa na upana wa milimita 32. Tuseme fundi amekata milimita 34, akaona mbili si kitu. Sega la kwanza litakaa katikati ya papi, lakini nyuki wakiendelea kujenga kwa nafasi yao, kufikia papi ya tisa tofauti itakuwa milimita 16, karibu nusu ya papi. Hapo sega litaangukia kwenye kiungo cha papi mbili, na atakayeinua moja atapasua sega, atamwaga asali na kuponda majana, yaani watoto wa nyuki.

Ushahidi kwamba vipimo vingine vina uhuru unapatikana kwa kulinganisha majirani wawili. Mzinga wa papi uliosambazwa Kenya kuanzia miaka ya 1970, katika mradi ulioshirikisha wataalamu wa Kanada, una kuta zilizolala kwa mshazari, chini pembamba na juu papana, kwa nia ya kuwazuia nyuki kugandisha sega ukutani. Mzinga unaojulikana kwa jina la Tanzania una kuta zilizosimama wima, hivyo hukatwa upesi na mbao haipotei. Nyuki huishi na kutengeneza asali katika yote miwili. Umbo la kuta limebadilika kabisa, ila upana wa papi umebaki uleule, kwa sababu huo haukupangwa na seremala.

Kwenye benchi, maana yake ni kwamba kulingana kwa papi ni muhimu kuliko kupima kila moja. Anayeweka futi na penseli juu ya kila kipande hukosea kidogo kila mara, na makosa hujumlishana: papi 24 zilizozidi milimita moja moja huongeza milimita 24 kwenye dari. Afadhali atengeneze kiolezo kimoja cha mbao ngumu, au afunge kizuizi kando ya msumeno, ili kila kipande kitoke sawa na mwenzake. Mbao nayo iwe imekauka. Mbao mbichi hupungua upana inapokauka, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Ikipungua kwa asilimia 5 tu, papi ya milimita 32 inapoteza zaidi kidogo ya milimita moja na nusu. Mwisho, chini ya kila papi, katikati kabisa, liachwe tuta jembamba au upakwe mstari wa nta, ili nyuki wajue pa kuanzia.

Atatokea wa kuuliza: mbona nyuki wa Tabora, huko Tanzania, wameishi karne nyingi kwenye mizinga ya magogo bila milimita hizi? Ni kweli, na asali na nta ya magogo hayo vimelisha familia na kufika masoko ya nje. Nyuki hahitaji papi. Anayeihitaji ni mtu anayetaka kufungua, kukagua, kuvuna sega lililoiva na kurudisha lenye majana likiwa zima. Kwenye gogo, masega yameshikana na ukuta, na kuvuna ni kukata. Tena nyuki wetu ni wakali. Papi zinazobanana vizuri humwezesha mfugaji kufungua upenyo mdogo kwa wakati mmoja, huku dari iliyobaki ikiwafunika wengine. Zilizokatwa ovyo humlazimisha kubandua kwa nguvu, na mtikisiko huo ndio unaowachokoza.

Wengine watasema ni rahisi kununua mzinga uliotengenezwa tayari. Sawa, lakini mzinga wa dukani nao hukosewa, na mnunuzi asiyejua milimita 32 hawezi kuligundua kosa kabla ya kulipa. Kwa hiyo kiolezo kinamfaa hata asiyeshika msumeno. Kinafaa zaidi wafugaji wa mtaa mmoja wanapokubaliana juu ya urefu mmoja wa papi: sega la majana kutoka kundi lenye nguvu litaingia kwenye mzinga wa jirani ambao kundi lake limedhoofika, na kazi ya fundi mmoja itawafaa wote. Baada ya hapo, kila mmoja abuni paa, miguu na mlango apendavyo. Ubunifu wenye tija huanza pale mtu anapojua kwa hakika ni nini asikiguse.