Krokei: Mchezo wa nyundo unaoweza kuuanzisha uani kwako, hata Mpitimbi

Kijijini mpira wa miguu una wenyewe. Vijana wakiingia uwanjani, mama, babu na bibi hubaki kushangilia. Krokei ni tofauti: mzee wa miaka 70 anaweza kumfunga mjukuu wake, maana kinachotakiwa ni shabaha na akili, siyo mbio.

Ni mchezo gani?

Mchezaji anapiga mpira kwa nyundo ya mbao yenye mpini mrefu, upite kwenye kigoli cha chuma kilichochomekwa ardhini. Klabu maarufu ya Wimbledon ilianzishwa 1868 kwa ajili ya krokei. Tenisi ilifuata baadaye. Kwenye Olimpiki ya Paris 1900 wanawake nao walicheza krokei.

Usidhani ni wa Wazungu tu. Katika aina nyepesi, krokei ya gofu, Wamisri wametwaa ubingwa wa dunia mara nyingi.

Unachezwaje?

Mipira ni minne. Bluu na nyeusi ni timu moja, nyekundu na njano ni nyingine. Zamu hufuatana: bluu, nyekundu, nyeusi, njano, kila mmoja pigo moja. Wote wanagombea kigoli kilekile. Wa kwanza kupita anapata pointi, kisha wote wanahamia kinachofuata. Timu ya kwanza kufikisha pointi 7 imeshinda. Kuusukuma mbali mpira wa mpinzani inaruhusiwa, na hapo ndipo utamu ulipo.

Uwanja wa nyumbani

Uwanja kamili ni mita 32 kwa 25.6. Uani, nusu ya vipimo hivyo inatosha: mita 16 kwa 12.8. Kata fimbo ya mita 3.2, itakupimia kila kitu. Vigoli vinne vya pembeni vikae fimbo moja kutoka kila mstari. Katikati simika kijiti, halafu weka vigoli viwili, kimoja kila upande wa kijiti, umbali wa fimbo moja, kwa kufuata urefu wa uwanja.

Vigoli vinatoka kwenye nondo ya milimita 16, ikunjwe na fundi wa kuchomelea. Kimo juu ya ardhi ni sentimita 30. Mpira rasmi una upana wa milimita 92, na mwanya wa kigoli unauzidi kwa milimita chache tu. Ukitumia mipira ya mbao ya kuchongwa na seremala, pima mpira kwanza ndipo ukunje nondo. Mwanya ukiwa mpana, mchezo unapoteza ladha.

Nyasi fupi kama ukoka ndizo bora, ila ua uliosawazishwa na kufagiliwa unafaa kuanzia. Kiangazi ndiyo wakati mzuri, ingawa ndipo pia mahindi huanikwa uani. Hilo lisikukatishe tamaa: vigoli vinachomolewa asubuhi, turubai linatandikwa, na jioni mahindi yakishaanuliwa vinarudishwa kwenye matundu yaleyale.