Kisiwa cha Kati, Turkana: Ndege wa mbali, mamba na maji yasiyotulia

NA MWANDISHI WETU

WENGI wanaopita Lodwar huwa na haraka. Anayetoka Kakuma na mizigo yake kurejea Sudan Kusini anaiwazia Nadapal, na mfanyabiashara wa samaki wakavu anahesabu magunia kabla lori halijaondoka kwenda Busia. Wachache wanajua kwamba kilomita 60 hivi kutoka mjini hapo, huko Kalokol, kuna boti za kukodi kwenda Kisiwa cha Kati, ndani ya Ziwa Turkana.

Safari yetu ya mwezi wa Aprili ilianza kwa kusubiri. Upepo wa kusini-mashariki hauna mzaha huku, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Alipokubali, tulivuka kwa muda wa zaidi ya saa moja, kila mtu na jaketi lake la kuokolea maisha. Usipande bila jaketi, hata ukiambiwa ni karibu.

Kisiwa chenyewe ni volkano, ukubwa wake kilomita za mraba 5 hivi, na ndani ya mashimo yake kuna maziwa matatu: la Mamba, la Heroe na la Tilapia. Kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983.

Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alitusimamisha kwenye ukingo wa Ziwa la Mamba, akatutaka tunyamaze. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mayai kuanguliwa. Vitoto hulia vikiwa bado chini ya mchanga, na mama akisikia huja kuvifukua. Hatukuruhusiwa kusogea zaidi, na hakuna aliyebisha.

Upande wa ndege, mwenye darubini hachoki. Tuliona heroe, minandi na korongo wakubwa, pamoja na vitwitwi wadogo waliokuwa wakila haraka haraka. Hawa hutumia majira ya baridi ya Ulaya na Asia huku kwetu, kisha hurudi kaskazini kuzaliana. Mwenye kujua safari ya kurudi nyumbani atawaelewa. Yuko pia ndege ambaye mdomo wake wa chini umezidi wa juu. Huruka akipasua maji nao ili kunasa samaki. Yeye hutaga kwenye mchanga mtupu, hivyo maji yakipanda kidogo tu, mayai yamekwenda.

Na maji haya hayatulii. Sehemu kubwa yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Bwawa la Gibe III lilipoanza kujazwa mwaka 2015, kina cha ziwa kilishuka kwa zaidi ya mita moja, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka hifadhi ya Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha mvua kubwa za kuanzia 2019 zikalipandisha tena, likameza makazi ya wavuvi. Samaki wanaofika hadi masoko ya Kongo huzaliana kwenye kina kifupi cha pwani hizi, kwa hiyo hili si jambo la watalii peke yao.

Kiingilio hulipwa kwa mtandao kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho au pasi, maana raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatozwi sawa na mgeni wa Ulaya. Boti hukodishwa nzima, si kwa kichwa. Wanne mkiungana, mfuko hauumii sana.