Mtoto na Hesabu: Jinsi Akili Yake Inavyokua

Wasomaji wetu wa Ufipa bila shaka wameliona jambo hili mara nyingi. Mtoto wa miaka mitatu ahimizwa na baba yake ahesabu mbele ya wageni. Naye asema upesi, moja, mbili, tatu, hata kumi, na wageni wote wafurahi. Kisha baba amtuma ghalani, "Kaniletee mahindi matatu." Mtoto arudi amekumbatia mahindi saba au manane, apendavyo mwenyewe. Baba aona haya, akasirika, adhani ni ukaidi, na pengine fimbo hufuata.

Twapenda kuwaeleza wazazi kwamba mtoto yule si mkaidi wala si mjinga. Amefika mahali ambapo kila mtoto hupita, na mabingwa wa elimu ya akili wamekwisha kupachunguza.

Mtoto mchanga hana maneno, lakini si kwamba hana hesabu kabisa. Mwaka 2000 mabingwa wawili waliofanya kazi Marekani, Fei Xu na Elizabeth Spelke, walieleza jinsi walivyowaonyesha watoto wa miezi 6 picha zenye madoa 8, tena na tena, hata wakachoka kutazama. Walipoonyeshwa madoa 16, waliyakazia macho kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa waliona jambo jipya. Lakini walipotolewa kwenye 8 wakaonyeshwa 12, hawakuona tofauti. Basi tangu uchanga mtu anacho kipimo cha kukisia wingi, kama mchungaji atazamaye makundi mawili ya mbuzi akajua lililo kubwa kabla ya kuhesabu. Ila kukisia hakutoshi kumjulisha kama mbuzi mmoja amepotea. Kwa kazi hiyo yatakiwa maneno ya hesabu, na maneno mtu hazaliwi nayo, bali hufundishwa.

Tena kujua maneno si kujua maana yake. Mwaka 1990 Bibi Karen Wynn, naye wa Marekani, alieleza habari za watoto wa miaka 2 na 3 walioombwa kutoa vitu vya kuchezea kwa idadi waliyotajiwa. Wengi waliweza kutamka maneno ya hesabu kwa utaratibu, lakini walipoombwa vitu vitatu walichota tu mkono mzima. Kwanza mtoto hujua maana ya moja peke yake. Miezi kadhaa ikipita hujua mbili, kisha tatu. Baadaye hufumbuka macho, akafahamu ya kwamba neno la mwisho alitajalo katika kuhesabu ndilo idadi ya vitu vyote. Kabla ya siku hiyo, moja hata kumi kwake ni wimbo tu. Yule mtoto wa ghalani aliimba vizuri, lakini kuhesabu bado.

Je, watoto wote hufika huko kwa umri mmoja? La. Mwaka 2014 zilitolewa habari za watoto wa Watsimane, watu wa Bolivia katika Marekani ya Kusini waishio kwa kulima, kuwinda na kuvua samaki. Walionekana kupanda ngazi zile zile, moja, kisha mbili, kisha tatu, ila kwa umri mkubwa kuliko watoto wa Marekani. Tofauti haikuwa ya akili bali ya malezi, yaani ni mara ngapi mtoto husikia hesabu na kuitumia.

Hapa kwetu liko jambo jingine la kukumbuka. Maneno sita, saba, tisa na ishirini yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Mtoto aliyelelewa kwa Kifipa huyakuta shuleni kama wageni. Basi mzazi asione haya kuhesabu kwa Kifipa nyumbani, kisha kwa Kiswahili, maana mayai matatu ni matatu kwa lugha zote.

Sasa mtoto ameingia shule, naye ajumlisha kwa vidole. Wako wanaomcheka, na wako wanaompiga vidole vile. Yafaa wajue yanayotendeka ndani ya kichwa chake. Mwaka 2014 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza picha za ubongo wa watoto wa miaka 7 hata 9, zilizopigwa kwa mashine ya sumaku wakati watoto wakijumlisha, kisha zikapigwa tena baada ya muda upatao mwaka mmoja. Katika muda huo watoto walipunguza kuhesabu moja moja, wakazidi kukumbuka jibu, na sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu ilizidi kufanya kazi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wadogo hutumia zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kukaza fikira, na kadiri wanavyokua kazi huhamia upande wa kushoto, juu na nyuma ya sikio.

Ni kama njia katika majani marefu. Apitaye kwanza hutaabika. Wakipita wengi siku nyingi, njia hujichora yenyewe. Vidole ndivyo vinavyomvusha mtoto mara hizo za kwanza. Njia ikiisha kuchorwa, ataviacha mwenyewe.

Na fimbo je? Mwaka 2012 mabingwa wa Stanford waliwapima watoto wa umri ule ule waogopao hesabu. Walipopewa hesabu, sehemu ya ubongo ya hofu iliwaka zaidi, na sehemu za kufikiri zilifanya kazi kidogo. Ampigaye mtoto ili afikiri humnyima nafasi ya kufikiri.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2009 mpango wa Uwezo uliwapima watoto majumbani katika Tanzania, Kenya na Uganda, ukaona kwamba wengi wa darasa la tatu walishindwa na hesabu za darasa la pili. Asiyejua hesabu atapunjwa debe lake la maharage sokoni, naye hatajua.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, asihesabu hewani, bali kwa vitu: mbegu za kutia katika shimo, sahani za chakula, ntumba zilizolimwa leo shambani. Pili, baada ya kuhesabu amwulize mtoto, "Yote ni mangapi?" maana hapo ndipo pana fahamu. Tatu, mtoto akiwa mkubwa kidogo, amtume dukani na noti ya shilingi 1,000, na arudipo wahesabu chenji pamoja. Nne, akikosea, warudie kwa upole. Tano, asimwondoe shuleni kwa ajili ya kuchunga au kuvuna, maana njia isiyopitwa huota majani tena.

Kazi hii haitaki fedha wala elimu kubwa, yataka subira ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.